Kutafuta Hitilafu katika Pedali Kongwe za Gitaa

Pedali, yaani kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa la umeme, ya miaka ya 1960 au 1970 inapokaa kimya, usikimbilie kubadilisha transista, vile vipande vidogo vinavyokuza mawimbi ya sauti ndani yake. Anza na betri ya volti 9, na uipime kwa mita pedali ikiwa imewashwa, kwa kuwa betri iliyochoka huweza kuonyesha volti za kutosha ikiwa haina mzigo. Katika pedali nyingi umeme hupita pale tu waya wa gitaa unapochomekwa kwenye tundu la kuingizia sauti. Tundu hilo likilegea, pedali yote huzimika.

Hapa Dodoma adui mkubwa ni vumbi la kiangazi. Likiingia ndani ya vitufe vya kuzungusha, sauti hukwaruza, nawe utalazimika kuchomoa betri, kunyunyiza dawa ya kusafishia swichi na kuzungusha kitufe mara 20 hivi. Mvumo usiokoma huweza kutokana na kapasita za elektroliti (vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme) zilizokauka kwa umri.

Pedali za Fuzz Face za mwanzo, za kukwaruzisha sauti ya gitaa, zilizotoka London mwaka 1966, zahitaji uangalifu wa pekee. Transista zake za jerimaniamu hubadilika tabia kwa joto, ndiyo maana mimi huzipima asubuhi, kabla bati la karakana halijapata moto. Unapolehemu, bana mguu wa transista kwa koleo ili koleo lipokee joto. Aidha, kinyume na pedali nyingi za kisasa, upande chanya wa betri ndio uliounganishwa na kasha, hivyo usiziunganishe na pedali za kisasa kwenye adapta moja, kwani utasababisha shoti.