Geuza sahani kwanza

Ukikutana na sahani ya kale ya Japani, usianze na maua wala ndege. Igeuze utazame kitako.

Ukikuta neno "Nippon", yaani Japani kwa Kijapani, kwa herufi za Kilatini, mara nyingi chombo ni cha kati ya 1891 na 1921, kwa sababu sheria ya forodha ya Marekani ilidai jina la nchi liandikwe kwenye bidhaa. Mwaka 1921 Wamarekani wakalikataa neno hilo, wakataka "Japan". "Occupied Japan", yaani Japani iliyokaliwa, ni ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mpaka 1952. Ila nembo hughushiwa, hasa hiyo ya Nippon, kwa hiyo usiishie hapo.

Maandishi ya Kichina ndiyo huwapotosha wengi. Wafinyanzi wa Arita, mji wa kauri wa Japani, walinakili alama ya Chenghua, mfalme wa China wa ukoo wa Ming wa karne ya 15, kwenye kauri walizotengeneza miaka mia mbili baadaye na zaidi. Basi tafuta vidoti vidogo vinavyokwaruza, ndani ya duara la kitako. Hapo sahani ilishikiliwa na vijiti vya udongo tanurini isibonyee katikati. Za Kichina kwa kawaida hazina. Pitisha kidole taratibu. Mimi hukiamini kuliko jicho.

Buluu ya michoro nayo itazame juani. Ikiwa kali, yenye uzambarau na sawa kila mahali, huenda ni kobalti, rangi ya madini, ya viwandani, iliyoenea Japani kuanzia miaka ya 1870. Ya kabla yake huwa tulivu, ina kijivu kidogo, na imekolea hapa, imefifia pale.