Jifunze sehemu za ubongo kwa kushika kichwa chako mwenyewe

Usianze na kukariri majina ya Kilatini, utachoka bure. We weka kiganja kwenye paji la uso, nyuma ya hapo ndo sehemu ya mbele ya ubongo, kazi yake kupanga, kuamua na kukuzuia usiropoke ovyo.

Sasa sogeza vidole kushoto, juu kidogo kati ya jicho na sikio. Hapo kwa watu wengi ndo pa kutolea maneno. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alikuwa na mgonjwa Paris, anaelewa anachoambiwa ila kinachotoka mdomoni ni "tan" tu, alipofariki wakaupima ubongo wakakuta pameharibika hapo hapo, upande wa kushoto. Na usisahau kushoto inaendesha mwili wa kulia, ndo maana kiharusi kikipiga ubongo wa kushoto mtu anapooza mkono wa kulia.

Juu ya masikio ni kusikia na kumbukumbu. Utosini ukirudi nyuma, kuhisi mguso. Kisogoni kuona, yaani macho mbele halafu picha inachakatwa nyuma kabisa, mi hii hainiishi hamu.

Shuka chini ya kisogo, huo ubongo mdogo, wa balansi. Ujaribu: fumba macho, nyoosha mkono, gusa pua kwa kidole. Shina la ubongo huwezi kulishika, liko ndani linaungana na uti wa mgongo, linaendesha pumzi na mapigo ya moyo hata ukiwa umelala.

Ukimaliza, mwambie mtu akutajie kazi, we uguse sehemu.