Kabla hujapanda treni kwenda Dodoma kuonja mvinyo

Rafiki zangu wa Dar huniuliza waende shamba gani la mizabibu. Mimi huanza kwa kuwauliza wanataka kwenda lini, maana hapo ndipo safari inapoharibika au kunoga.

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka: Februari hadi Machi, halafu Agosti hadi Septemba. Ulaya baridi huulaza mzabibu ukapumzika miezi kadhaa. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, hivyo mkulima mwenyewe ndiye anayeuamsha kwa kuukata matawi, na kama miezi minne baadaye zabibu zimeiva. Ukifika siku chache baada ya kukata, utakuta vijiti vikavu vimefungwa kwenye waya na vumbi jekundu chini. Ilinikuta. Nilikuwa nimewaahidi wageni wangu vichala vinavyoning'inia, na wote walikuwa wamevaa kwa ajili ya picha. Kwa hiyo unapopiga simu usiishie kuuliza kama wako wazi. Uliza, "Mlikata lini?" Mtu wa shambani atakujibu palepale, na hesabu utaifanya mwenyewe.

Simu hiyo ni ya lazima kwa sababu nyingine pia. Sehemu nyingi za Dodoma ni viwanda kwanza, bustani na chumba cha kuonjea ni nyongeza. Msimu wa mavuno malori ya zabibu yanapanga foleni getini na hakuna mtu wa kukutembeza; siku ya kawaida watakuonyesha hata matenki ya chuma yanamochachushwa juisi ya zabibu, ukigusa tenki unakuta limetoa jasho la baridi huku nje jua linawaka. Waambie mko wangapi, nani ana watoto, na nani hanywi kabisa. Katika kundi lolote la Dar wapo wasiokunywa, na wana haki ya kujua mapema kama kuna juisi na zabibu za kula au watakaa tu kivulini.

Usafiri siku hizi ni mwepesi. Treni ya SGR huchukua takriban saa nne, basi huchukua karibu mara mbili ya hapo. Tiketi za mwisho wa wiki huisha mapema, na kitambulisho kiwe mkononi. Ila Hombolo na Makutupora, yaliko mashamba ya mizabibu, si hatua mbili kutoka mjini, kwa hiyo elewana na dereva wa siku nzima kabla hujafika, bei ya kwenda, kusubiri na kurudi. Mkienda na gari lenu, atakayeendesha asionje. Hilo halina mjadala.

Sasa mwili wako. Kula kabla ya kuonja: chapati na maharage, au wali, ushibe. Pilipili iache, ulimi ukishaungua hautatofautisha chochote. Kitu ambacho watu wa pwani tunakisahau ni harufu. Dada yangu alijifukiza udi usiku wa kuamkia safari, nguo na nywele, kama anakwenda harusini. Kila glasi aliyoinusa ilinukia udi, na waliokaa jirani naye hivyohivyo. Nusu ya kuonja mvinyo iko puani, kwa hiyo siku hiyo marashi yabaki nyumbani. Anayetumia dawa, hasa Flagyl, asinywe, mjamzito vilevile.

Mezani utaona chombo cha kutemea. Kwetu kutema mbele za watu ni utovu wa adabu, lakini pale ndiyo adabu yenyewe, na mwenyeji hatachukia. Fanya hesabu: mililita 50 mara sita ni mililita 300, yaani glasi mbili zilizojaa, kwenye jua la Dodoma. Kunywa maji kila baada ya glasi. Anza na mweupe, kisha mwekundu, mtamu na ule ulioongezwa nguvu kwa pombe kali uje mwisho, la sivyo mweupe utauona kama maji ya ndimu. Na shambani usichume bila kuuliza, mizabibu hupigwa dawa ya ukungu.

Ukipata nafasi, pita Bihawana, ambako wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu kwa ajili ya divai ya misa. Vaa viatu vya kufunika vidole.

La mwisho ni chupa utakazonunua. Nenda na begi gumu na kanga mbili, kila chupa ifungwe peke yake. Ukifika Dar usiziache kwenye buti ya gari wala juu ya friji. Joto letu la Januari huupika mvinyo ndani ya siku chache, na kizibo huanza kusukumwa nje. Zenye kizibo cha gome zilaze chini ya kitanda, chumba kisichopigwa na jua, na uzinywe mwaka huohuo.