Kuzimaliza chupa za bourbon na rye kabla hewa haijakutangulia

Wiski ambayo haijafunguliwa haina haraka. Iache kabatini miaka kumi, itatoka vilevile ilivyoingia, kwa sababu wiski huzeeka ndani ya pipa, si ndani ya chupa. Mambo hubadilika ukishatoa kizibo. Kila toti unayomimina inaacha nafasi, nafasi inajaa hewa, na hewa hiyo inakula ladha taratibu, mpaka siku umepata mgeni wa heshima unakuta kilichobaki kinanukia boksi la zamani. Ndiyo maana nasema chupa iliyobaki robo isisubiri harusi ya mtoto.

Mimi naendesha nyumba ya wageni hapa Moshi, upande wa Shanty Town, na kabati langu limejaa bourbon na rye, wiski za Kimarekani, kwa njia ambayo wenzangu wa kazi hii wataielewa. Wamarekani wanakuja kupanda Kilimanjaro, wanabeba chupa ya kusherehekea, wanainywa nusu jioni ya siku waliyoshuka mlimani na kutokea geti la Mweka, kesho yake wanakwenda uwanja wa ndege wa KIA. Chupa iliyofunguliwa haipiti kwenye mzigo wa mkononi, maana kioevu mwisho ni mililita 100, na kwenye begi kubwa pombe kali inatakiwa iwe imefungwa kama ilivyotoka dukani. Basi inabaki. "Mama, hii yako." Mume wangu ni mtu wa bia, wala haangalii upande huo. Mimi ndiye niliyezizoea, na sasa nazijua kwa majina na tabia.

Anza hivi. Toa chupa zote zilizofunguliwa, zipange mezani mchana, inama uzitazame macho yakiwa sawa na kimo cha kinywaji. Zilizo juu ya nusu zirudishe. Zina mwaka mzima mbele yake, huenda na zaidi. Zilizo kati ya nusu na robo ziandikie tarehe kwa kalamu kwenye lebo, hizo ni za miezi michache. Zilizo chini ya robo ni za mwezi huu. Usiogope hesabu: robo ya chupa ya mililita 750 ni kama mililita 187, yaani toti sita za mililita 30 na kidogo juu. Watu watatu, toti mbilimbili, pole pole na nyama, imekwisha na kila mtu anatembea mwenyewe.

Zinazorudi kabatini zisimame wima. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wanaiga mvinyo. Mvinyo hulazwa ili kizibo kisikauke. Wiski yenye asilimia 45 ya kileo ikilalia kizibo inakila, na siku ya kufungua kinakatikia shingoni. Kikikatika, si msiba: chuja wiski kwa karatasi ya kuchujia kahawa, irudishe, uizibe kwa kizibo cha chupa iliyokwisha. Kwa hiyo usitupe vizibo. Mimi nina bati zima la biskuti limejaa vizibo, na kila mara kimojawapo kinaingia.

Halafu jua na joto. Januari mpaka Machi Moshi inawaka, hilo halihitaji ushahidi. Juu ya friji ni mahali pabaya, dirishani ni pabaya zaidi. Mchana hewa iliyo ndani ya chupa inavimba, usiku inasinyaa, na kila ikifanya hivyo harufu inatoka na hewa mpya inaingia. Ninyi wa Arusha mna nafuu kwa kuwa mko juu kuliko sisi, ila mwanga wa jua haujali mwinuko. Na zile karafe za kioo kizito zinazometameta, za kurithi au za zawadi, nyingi zina madini ya risasi ndani ya kioo. Wekea wiski mezani kwa jioni moja ukipenda, usiihifadhi humo.

Soma lebo kabla hujaamua hatima yake

Bourbon kwa sheria ni ya Marekani: mahindi si chini ya asilimia 51 ya nafaka zake, na lazima ikae kwenye pipa jipya la mti wa mwaloni lililounguzwa ndani. Huo mwaloni mpya ndio unaoleta utamu wa vanila na sukari iliyoungua. Rye nayo ya kule hupita kwenye mwaloni wa namna hiyo hiyo, ila asilimia 51 inakuwa ya rye, nafaka ya nchi za baridi, jamaa wa ngano. Mdomoni ni kavu zaidi, ina ukali wa pilipili manga. Hiyo ni kanuni ya chini tu. Bulleit Rye, kwa mfano, ina asilimia 95 ya nafaka hiyo, na ukiionja utajua. Maker's Mark, ile ya nta nyekundu shingoni, imekwenda upande wa pili kabisa: ni bourbon iliyotiwa ngano badala ya rye, ndiyo maana ni laini.

Nambari ya "proof" igawanye kwa mbili, utapata asilimia ya kileo. Wild Turkey 101 ni asilimia 50.5. Ukiona "Bottled in Bond", hiyo ni sheria ya Marekani ya mwaka 1897: wiski ya mtambo mmoja, msimu mmoja, imekaa pipani si chini ya miaka 4, na inatiwa chupani ikiwa na asilimia 50 kamili. Rittenhouse Rye ni ya kundi hilo.

Nambari hizi zinakupa foleni. Katika zile za chini ya robo, mimi naanza na za asilimia 40 hadi 43, kwa sababu naona ndizo zinazopwaya mapema. Za asilimia 50 zinavumilia, na nyingine hewa kidogo inazitoa ukali: chupa ambayo siku ya kwanza ilikuwa inachoma koo, ikifika nusu inakuwa imetulia, unaanza kusikia tunda na karanga. Kwa hiyo sisemi hewa ni adui siku zote. Ila haijui kuacha.

Sasa onja. Mimina kidogo kwenye glasi iliyobana mdomo, nusa ukiwa umefungua kinywa, subiri, nusa tena. Tia matone machache ya maji ya kunywa yasiyo ya friji, uonje upya. Utajua uko na ipi kati ya tatu: iliyo hai, iliyochoka, au iliyokufa. Iliyokufa haina sumu, haikuharibii tumbo zaidi ya ile nyingine; ni kwamba imebaki kileo na mbao tu.

Iliyo hai

Hiyo inywe yenyewe, na inywe kwa kulinganishwa. Chupa mbili zinazokaribia kwisha, moja bourbon moja rye, ni darasa zuri kuliko chupa moja iliyojaa. Shemeji yangu alikuwa anaapa kwamba wiski zote ni moja mpaka nilipomwekea Maker's Mark na Rittenhouse kwenye glasi mbili, akafumba macho. Sasa akija ananitaka nimwekee "ile kali".

Kama hutaki kuimaliza sasa, ihamishe. Tafuta kichupa cha glasi cha mililita 200 au 250, cha plastiki hapana, kioshe kwa maji ya moto bila sabuni yenye manukato, kikauke kabisa, kinuse. Kikiwa na kumbukumbu yoyote ya kilichokuwemo, tafuta kingine. Harufu ya Konyagi haitoki kirahisi kwenye kifuniko. Jaza mpaka shingoni, ziba, andika jina na tarehe. Bila nafasi ya hewa, hiyo robo imerudi kuwa chupa iliyojaa, na unaweza kuiwekea mtu wako anayekuja Desemba.

Iliyochoka

Rye iliyochoka nenda nayo kwenye Stoney Tangawizi. Barafu, mililita 40 za rye, nusu ndimu imekamuliwa, tangawizi juu. Ukali wa nafaka na ukali wa tangawizi unaelewana, na uchovu wote unafichika. Bourbon iliyochoka naona inapenda kahawa. Tuna kahawa ya mlimani, haina haja ya kuibembeleza: chemsha nzito, koroga kijiko cha sukari guru, tia mililita 40 za bourbon, mwagia krimu juu kwa mgongo wa kijiko ili ielee. Wageni waliotoka mlimani na baridi ya Machame hawaulizi bei.

Njia nyingine ni chupa ya mseto, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Unachukua chupa moja safi, na kila chupa inayokaribia kwisha unaiachia humo toti mbili au tatu. Inakuwa wiski ambayo haipo duka lolote duniani, na kila mwezi imebadilika. Lakini ina masharti. Isiingie Scotch, yaani wiski ya Uskoti, yenye harufu ya moshi wa mboji hata kijiko, itameza kila kitu. Isiingie iliyokufa, mseto si jalala. Rye isizidi theluthi kama unataka iwe ya kunywewa na watu wote. Onja kwanza kwa kuchanganya kwa kijiko kwenye glasi, ikikubali ndipo umimine. Kwa vipimo, bomba la sindano la duka la dawa, lile kubwa, halidanganyi. Baada ya kila nyongeza iache itulie wiki mbili kabla ya kuihukumu, na usiruhusu ishuke chini ya nusu, vinginevyo umerudi kwenye tatizo lile lile tulilolikimbia.

Nguvu yake piga hesabu, usikisie. Zidisha kila kiasi kwa asilimia yake, jumlisha, gawanya kwa ujazo wote. Mililita 200 za Wild Turkey 101 zina mililita 101 za kileo. Mililita 100 za wiski ya asilimia 40 zina 40. Jumla 141 ndani ya mililita 300, yaani asilimia 47. Andika kwenye karatasi ubandike nyuma ya chupa, pamoja na tarehe na kilichoingia. Mgeni anayedhani anakunywa ya 40 kumbe ni ya 47 atakuja kuligundua hilo kwenye ngazi.

Na kwa kuwa tumefika hapo: kumaliza chupa si mashindano. Anayeendesha, anayemeza dawa na aliye mjamzito wanapata tangawizi na ndimu, na haina mjadala. Wengine wanarudi kwa bajaji.

Iliyokufa inakwenda jikoni

Mchuzi wa kupaka nyama choma: kaanga kitunguu saumu kwenye mafuta kidogo, tia nyanya ya kopo, siki, asali vijiko viwili, pilipili kadiri ya familia yako. Zima jiko, ndipo umimine mililita 100 za wiski, kisha washa tena moto mdogo ukoroge mpaka uwe mzito. Usiimimine kutoka kwenye chupa juu ya moto unaowaka, mvuke wa kileo unashika na moto unaweza kupanda mpaka chupani. Upake nyama ikikaribia kuiva. Ukipaka mapema asali inaungua.

Ndizi mzuzu zilizoiva zikikaangwa kwa siagi, toti moja ya bourbon na sukari guru zinatosha kumfanya mtu asahau keki.

Ila waambie watu kilichomo. Wengi wanaamini kileo chote kinaruka na mvuke, na si kweli. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali la jambo hili: kikichanganywa na chakula na kuchemka polepole dakika 15 kinabaki kama asilimia 40, nusu saa asilimia 35, saa nzima asilimia 25. Hapa mjini tunakula pamoja na Waislamu, Walokole na Wasabato. Bakuli la mchuzi usio na wiski liwe pembeni, na kijiko chake.

Mwisho kabisa, vanila. Inalimwa Kagera, inalimwa na hapa Kilimanjaro, na bourbon ya asilimia 40 ina nguvu inayofaa kuikamua. Pasua maganda matano au sita kwa urefu, yatie kwenye mililita 250, yafunikwe kabisa na kinywaji, weka gizani. Tikisa ukikumbuka. Miezi mitatu inatumika, miezi sita ni nzuri zaidi. Maandazi na keki za wageni wangu zinatoka humo, na kwa kazi hii hata chupa iliyonukia boksi inapata ajira.

Chupa ikishakuwa tupu, usiitoe nzima na lebo yake kwa wanaopita kununua chupa. Chupa ya wiski ya bei kubwa ikiwa na lebo safi na kifuniko chake ni mtaji wa mchakachuaji. Iloweke kwenye maji moto, kwangua lebo yote, kizibo kibaki kwenye bati lako. Baada ya hapo iwekee asali, au mafuta ya alizeti, au mpe fundi aikate iwe glasi.