Fundo kavu ndilo linalokupotezea sangara

"Bwana Samaki, mishipi ya siku hizi feki tupu." Maneno haya nayasikia mwaloni karibu kila wiki, hasa kutoka kwa vijana wa Jinja na Masese, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, walioanza kuvua sangara kwa ufito na rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi. Sangara ameshika, amekimbia mara mbili, kisha mshipi ukalegea ghafla. Ameondoka na ndoano, chambo bandia na pete ya kuzungukia, yaani pesa ya kibarua cha siku mbili. Kijana anarudi dukani, ananunua mshipi mnene zaidi, anaufunga vilevile, na baada ya siku chache ananijia na lawama ileile.

Mimi huwa naomba kitu kimoja tu: nioneshe ncha iliyobaki.

Ncha ya mshipi haifichi kitu. Ukiiona imejikunja kama mkia wa nguruwe, mshipi haukukatika, fundo limeteleza likafunguka. Ukiiona imekwaruzika, ina vinyweleo, imesuguliwa na jiwe au na mdomo wa samaki. Ukiiona imekatwa safi, sawasawa, hiyo ni kazi ya kifuniko cha shavu la sangara, ambacho ukingo wake unakata kama wembe. Ukiiona imenyooka na kuwa nyembamba kuliko kawaida, hapo ndipo mshipi umezidiwa nguvu kweli. Nawaambia kwa moyo mmoja: ncha ninazoletewa nyingi ni mkia wa nguruwe. Duka halina kosa. Fundo lilifungwa likiwa kavu, kwa mizunguko mitatu, likakazwa kwa mvuto mmoja wa hasira.

Nailoni ikisuguana ikiwa kavu hupata joto pale pale inapojikaza, na joto hilo huilainisha na kuidhoofisha. Jaribu mwenyewe: funga fundo kavu, likaze haraka, kisha pitisha ukucha juu ya mshipi, sentimita moja kutoka kwenye jicho la ndoano. Utahisi umekuwa na mawimbi. Mahali hapo ndipo utakapokatikia au kuteleza, hata kama boksi limeandikwa kilo 20, yaani uzito ambao mshipi unaubeba kabla ya kukatika. Fundo baya linaweza kula nusu ya nguvu ya mshipi, kwa hiyo anayenunua mshipi wa kilo 18 na kuufunga vibaya anavua na mshipi wa kilo 9 bila kujua.

Sasa sikiliza vizuri. Pitisha mshipi kwenye jicho la ndoano na uache mkia wa sentimita 15, si 5. Wengi wenu mnabana mkia kuokoa mshipi wa shilingi chache, halafu mnapoteza chambo bandia kizima. Zungusha mkia kwenye mshipi mkuu mara 6 kama nailoni ni ya milimita 0.40 au chini yake, na mara 5 kama ni nene zaidi. Mizunguko 3 haitoshi, nimeshasema na nitaendelea kusema. Rudisha mkia kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu na jicho, kisha uupitishe tena kwenye kitanzi kikubwa ulichotengeneza sasa hivi. Hapo simama. Usivute. Liloweshe fundo lote, kwa mate au maji safi ya chupa, mpaka ling'ae. Ndipo uvute mshipi mkuu polepole, kama unahesabu moja mpaka tano, ukiangalia mizunguko ikijipanga mmoja kando ya mwenzake kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Mzunguko mmoja ukipanda juu ya mwingine, kata, anza upya. Najua inaudhi alfajiri wakati samaki wanaruka mbele yako. Kata hivyo hivyo. Mkia uliobaki ukate uache milimita 3, na ukate kwa kikata kucha. Acheni kukata kwa meno: meno yanavuta na kulegeza fundo mlilolifunga sasa hivi.

Mshipi wa kusuka ni habari nyingine. Unateleza kama kamba ya hariri, na fundo nililoeleza hapo juu haliushiki vizuri. Kwa mshipi huo kunja sentimita 15 ziwe mara mbili, pitisha kitanzi chake kwenye jicho la ndoano, funga fundo la kawaida lililolegea huku mshipi ukiwa bado mara mbili, kisha ingiza ndoano nzima ndani ya kitanzi. Lowesha, vuta nyuzi zote mbili pamoja. Kulijifunza hakuzidi dakika kumi.

Ukishafunga, pima. Si lazima ununue mizani. Chukua jerikeni la lita 5, lijaze maji, hapo una kilo 5 na kidogo. Ning'iniza ndoano kwenye mkono wa jerikeni, shika mshipi kwa kitambaa, geuza uso pembeni, uinue taratibu. Kwa mshipi wa kilo 9, fundo lisipobeba jerikeni hilo, lingekuangusha ziwani. Afadhali likuangushe uani kwako, ambako ndoano unaiokota. Jaribio hili ni la dakika moja, na bado nakutana na watu wenye miaka mitano ya kuvua ambao hawajawahi kulifanya hata mara moja. Hilo linanikera.

Breki ya rili nayo inalitesa fundo. Vijana wanaikaza mpaka mwisho wakidhani ndivyo samaki anavyozuiwa. Breki inatakiwa kuachia mshipi kwenye theluthi moja ya nguvu yake, isizidi. Kwa mshipi wa kilo 9 hiyo ni kilo 3, yaani chupa mbili za maji za lita 1.5 zilizofungwa pamoja. Pitisha mshipi kwenye pete zote za ufito, funga chupa, inua ufito nusu ya wima. Chupa zinapotaka kuacha ardhi, rili inapaswa ianze kutoa mshipi. Zikipaa bila rili kulia, umekaza mno. Ukimaliza kuvua, ilegeze breki kabisa kabla ya kuweka rili nyumbani, maana vile visahani vya ndani vikikaa vimebanwa vinagandamana, na siku ya pili breki inaachia kwa kushtuka. Mshtuko huo mmoja unatosha kuvunja fundo zuri. Wanaovua kwa mkono bila rili, breki yenu ni vidole: kata vipande vya tyubu ya baiskeli uvivae kama pete, wala usizungushe mshipi kwenye kiganja.

Wengi mmejifunza kwa video za simu, za Wamarekani wanaovua besi (bass), samaki wa maji baridi wa kwao. Video ni nzuri na mafundo yao ni yale yale, lakini angalieni samaki wanayemvua. Rekodi ya dunia ya besi mwenye mdomo mkubwa ni kilo 10 hivi, iliwekwa Georgia mwaka 1932 na ikafikiwa tena Japani mwaka 2009. Kwa sangara, kilo 10 ni kijana tu. Mzee wake anapita kilo 100. Na ingawa wawili hawa wanafanana kidogo kwa umbo, besi hana mashavu yanayokata. Kwa hiyo ukiiga mshipi wao wa kilo 4 uliofungwa moja kwa moja kwenye chambo, hata fundo liwe zuri namna gani, sangara ataukata. Ongeza kipande cha nailoni nene, milimita 0.80 mpaka 1, urefu wa sentimita 60, kati ya mshipi mkuu na chambo. Chini ya maporomoko ya Murchison, kwenye mto Nile hapa Uganda, ambako sangara ni mwenyeji tangu asili na mawe ni mengi, weka mita moja na nusu. Kumbuka nailoni nene ni ngumu kukaza, hivyo mizunguko 5, maji mengi, na mvuto mrefu zaidi.

Fundo halidumu. Lifunge upya kila asubuhi kabla ya kutupa mara ya kwanza, kila baada ya samaki mkubwa, na kila ulipokwama kwenye jiwe au gugu maji ukavuta kwa nguvu. Kila mara kata sentimita 30 za mwisho uzitupe. Kabla ya kukata, pitisha mita ya mwisho kati ya midomo au kati ya kucha mbili. Ukihisi mkwaruzo hata mdogo, kata mpaka uupite. Hizo sentimita 30 mnazihurumia bure. Ukifanya hivyo mara tatu kwa siku hujafikisha hata mita moja.

Ukitaka kuokoa pesa, iokoe hapa. Huhitaji mita 200 za mshipi mpya. Jaza bobini kwa mshipi wa zamani chini, juu weka mita 80 za mpya, ifike milimita 2 chini ya ukingo. Ukichakaa, geuza zile mita 80: sehemu iliyokuwa ndani ije nje. Umepata mshipi mpya bila kwenda dukani. Jua linaua nailoni, kwa hiyo rili ikae ndani ya soksi nzee, isiachwe kwenye kitako cha mtumbwi. Ndoano hazihitaji kuwa za bei. Zinahitaji kuwa kali. Ikiteleza juu ya ukucha badala ya kushika, ipige tupa.

Na chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi: plagi kuukuu za bodaboda zinafanya kazi sawa na risasi, fundi wa gereji atakupa bure. Ila usiifunge plagi kwa mshipi uleule. Ifunge kwa uzi dhaifu, wa kilo 2 au 3, urefu wa sentimita 30. Plagi ikinasa kwenye mwamba, uzi ule unakatika, unapoteza plagi peke yake, ndoano na chambo vinarudi mkononi. Hapa ndipo mahali pekee ninapokuruhusu kufunga fundo baya.

Fundo likiwa zuri, siku samaki atakapoponyoka utaikuta ncha imekwaruzika au imekatwa, lakini haijajikunja.

Sangara chini ya sentimita 50 na ngege (sato) chini ya 28 warudishwe majini, na mikono iwe imeloa kabla ya kuwashika. Simama juu ya mwamba au ndani ya mtumbwi, si ndani ya maji mpaka magotini, kichocho kipo ufukweni. Vipande vya mshipi unavyovikata vitie kwenye chupa tupu uende navyo nyumbani. Mwezi uliopita nilimfungua mnandi mmoja hapa mwaloni, nailoni imemkaza mguu mpaka kwenye mfupa, na mwisho wa ile nailoni ulikuwa umejikunja kama mkia wa nguruwe.