Farasi kashuka lori juzi, leo hana raha: fanya hivi

Kamasi ikitoka puani, sisi masaisi, watunza farasi wa Karen na Jamhuri hapa Nairobi, tunawaza majipu ya koo tu. Leo nataka ile isiyotajwa sana: nimonia inayofika hadi kwenye utando wa mapafu, homa ya safari. Farasi akifungwa kichwa juu saa nyingi hawezi kuinama atoe makohozi. Vumbi la nyasi linabaki ndani, na bakteria waliokuwa wametulia kooni, hasa streptokoka, wanashuka mapafuni.

Anza na themomita, asubuhi na jioni, kuanzia siku anaposhuka. (Ifunge uzi na kibanio cha nguo, ubane mkiani. Yangu moja ilipotelea kwenye maranda.) Kawaida ni 37.5 hadi 38.5. Ikipita hapo, mpigie daktari wa mifugo. Usingoje kikohozi, wengine hawakohoi kabisa.

Kisha tazama ubavu, uhesabu pumzi. Akiwa ametulia ni 8 hadi 16 kwa dakika.

Sasa mwangalie anavyosimama, maana hapa ndipo nilipokosea mimi. Viwiko vilikuwa vimetanuka, hataki kugeuka, anakwaruza chini. Nikasema ni tumbo, nikamtembeza uwanjani usiku kucha. Kumbe maumivu yalikuwa kifuani, na kila hatua nilikuwa namtesa. Mguse mbavu taratibu. Akiguna au kukwepa, mwache asimame.

Nusa pumzi yake pia. Ikinuka uozo, usingoje asubuhi.

Mtenge, ndoo yake iwe yake, nyasi zilowe maji na ziwekwe chini. Ile penisilini iliyobaki kabatini iache. Daktari anataka kuchukua majimaji ya bomba la hewa kabla ya dawa yoyote, la sivyo kipimo kitamdanganya.

MASWALI

Mzee, mtoto wangu wa farasi ana miezi 3, anahema lakini ananyonya. Ni hiyo hiyo?

Hapana, mimi ningeshuku bakteria aitwaye rodokoka. Anaishi kwenye udongo na mavi, anashika watoto wa mwezi 1 hadi 6, na huweza kujaza mapafu majipu huku mtoto bado anacheza. Daktari akimpa rifampisini na klarithromaisini, mkojo mwekundu usikutishe. Mchana akae kivulini, dawa hizo humfanya ashindwe kupoza mwili. Na mpanguse mdomo vizuri: mama akilamba mabaki anaweza kuhara hadi afe.

Wangu anatoa povu puani, na juu ya macho pamevimba.

Ndugu yangu, acha kusoma, piga simu sasa hivi. Hiyo inafanana na tauni ya farasi ya Afrika, virusi vinavyoletwa na usubi.

Namleta mmoja kutoka Gilgil, safari fupi. Nihangaike na yote haya?

Themomita tu. Na kamba mwachie ndefu kiasi cha kushusha kichwa. Dereva akikwambia hatafunga hivyo, tafuta lori jingine.