Umeme ukikatika mtaani: jinsi ya kujua umekatikia wapi, na la kufanya usikatike tena

Umeme ukikatika hapa Ngamiani, Tanga, watu hutaja bwawa kwanza. Maji yamepungua, mtambo umekufa, mgao umerudi. Mie ni fundi wa umeme wa majumbani, leseni ninayo, na ujana wangu niliumalizia juu ya nguzo na vikosi vya laini. Kwa niliyoyaona, giza la mtaa mara nyingi huanzia hatua chache kutoka mlangoni pako: kwenye tawi, kikombe (kile kinachoshika waya juu ya nguzo na kuuzuia umeme usishuke), kiungo kilicholegea au transfoma iliyoelemewa. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Megawati zote hizo hazipiti kwenye fyuzi iliyoungua pale kona.

Anza kwa kutoka nje

Kabla ya simu, angalia giza limeishia wapi. Taa za majirani wote zinawaka? Basi shida ni yako. Tazama yuniti za LUKU, ile mita ya kulipia kabla, kisha breka kuu. Ikijizima kila ukiipandisha, chomoa vyombo vyote, ipandishe, halafu rudisha kimoja kimoja. Kitakachoizima ndicho kibovu. Mie huwa naanza na pasi na hita ya maji.

Nyumba moja ina umeme, mbili hazina, ya nne inao? Fezi moja imepotea. Waya za mtaani hubeba fezi tatu, yaani waya zinazoleta umeme, na nyutro, waya wa kuurudisha, na nyumba nyingi za kawaida zimeungwa kwenye fezi moja tu. Mtaa mzima giza na barabara inayofuata inawaka, ni transfoma yenu au fyuzi zake. Mji mzima ukizimika, basi ni laini ya kilovolti 33, kituo cha kupoza umeme, au mbali zaidi kwenye gridi, na hapo huna la kufanya ila kuwasha kandili.

Ipo dalili moja ambayo haisubiri. Ukiona taa zako zimeng'aa ghafla kupita kawaida huku za jirani zimefifia, nyutro imekatika au imelegea. Volti 230 zinaweza kupanda kuelekea 400, na friji na runinga zikaungua papo hapo. Zima swichi kuu, mpigie kelele jirani naye azime, ndipo utafute simu.

Na ule umeme unaokatika sekunde chache, ukarudi, ukakatika tena, mara ya tatu au ya nne ukazima moja kwa moja? Huo si mchezo wa mtu. Kwenye laini kuna swichi inayojifungua yenyewe waya ukiguswa, husubiri kidogo, kisha hujaribu tena. Ikiona kitu bado kimegusa, hukata tamaa. Kwa hiyo siku ya upepo tazama juu: kuti la mnazi au tawi la mwembe liko pale pale.

Miti, chumvi na kunguru

Mti uliokaribia waya usiukate mwenyewe, hata kwa panga lenye mpini wa mbao. Tawi bichi hupitisha umeme. Toa taarifa mapema, kabla ya masika, si siku ya dhoruba. Na ukipanda mti, fikiria utakavyokuwa baada ya miaka ishirini. Chini ya laini usipande mwembe wala mkungu, na mnazi uuweke mbali kiasi kwamba hata ukianguka wote haufiki kwenye waya. Ukitaka kivuli kidogo na tunda, mpera au mkomamanga unatosha, ukiupogoa kila mwaka.

Chumvi ndiyo adui yetu wa pwani asiyesemwa. Wakati wa kaskazi, upepo wa bahari hupaka chumvi kwenye vikombe vya nguzo za Raskazone na Sahare, na Januari na Februari hakuna mvua kubwa ya kuviosha. Chumvi kavu haina neno. Ikipata umande au manyunyu ya kwanza hugeuka njia, umeme unatambaa juu ya kikombe, na laini inazimika kwa mvua ambayo haijalowesha hata mchanga. Mvua kubwa ingeviosha. Manyunyu ndiyo mabaya. Ukisikia nguzo inavuma usiku, au ukaona cheche za buluu kwenye vikombe, ripoti usiku huohuo.

Kunguru nao. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu hujenga viota juu ya nguzo, na badala ya vijiti huokota vipande vya waya: zile waya za kufungia nondo zinazoachwa kwenye viwanja vya ujenzi. Kiota cha chuma kikigusanisha fezi mbili, mtaa umezimika. Ukijenga, okota vipande vyako vya waya kila jioni. Taka za samaki na za bucha zifunikwe, maana ndizo zinazowaleta. Usimcheke mnyama mdogo: tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma kwenye kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, Kenya, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na nchi nzima ikazimika.

Nguzo za mbao huoza pale zinapoingia ardhini. Usichome taka kwenye shina lake, na ule waya wa kuishikilia nguzo usiufanye kamba ya kuanikia nguo wala ya kufungia mbuzi.

Transfoma iliyoelemewa

Hapa ndipo wakazi wana nguvu kuliko wanavyodhani. Transfoma ya kVA 100 (kVA ni kipimo cha mzigo inaoweza kubeba) hutoa takribani ampea 144 kwa kila fezi. AC ya nguvu-farasi moja na nusu hula ampea tano au sita. Piga hesabu: AC ishirini na tano kwenye fezi moja zinaijaza, hata kabla ya friji, pasi na mashine ya kuchomelea ya yule fundi wa mageti. Mtaa uliowekewa transfoma wakati kila nyumba ina taa tatu na redio, leo una gesti na saluni. Dalili huja mapema: jioni feni inazunguka kivivu, taa zinafifia kila cheche ya kuchomelea, fyuzi inaungua siku za joto.

Andikeni orodha ya vyombo vikubwa vya mtaa, mpeleke barua TANESCO kupitia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na muombe mambo mawili: mzigo upimwe kati ya saa 1 na saa 4 usiku, na fezi zisawazishwe. Mara nyingi fezi moja imebeba mtaa huku mwenzake amekaa bure, na kuhamisha nyumba kadhaa kunatosha bila transfoma mpya. Kishoka, yaani fundi asiye na kibali, akija na waya mnene kuweka badala ya fyuzi, mfukuzeni. Fyuzi iliungua ili transfoma isiungue.

Mkiona mtu anafungua transfoma usiku bila gari wala sare, huyo anaiba mafuta. Yale mafuta ndiyo yanayoipoza. Wako wanaoyauza kukaangia chipsi, na ni sumu.

Simu, jenereta, na umeme ukirudi

Unapopiga 180 ya TANESCO, taja jina la transfoma, kama ni fezi moja au zote, ulikatika saa ngapi, na ulichoona au kusikia. "Huku kwetu hakuna umeme" humfanya fundi azunguke mji. Waya ukiwa chini, mtu mmoja asimame mbali kuzuia watoto, hata kama unaonekana umekufa.

Jenereta usiichomeke kwenye soketi ya ukutani. Umeme wake hupanda kupitia transfoma na kuwa kilovolti 33 juu ya mkono wa fundi anayetengeneza laini. Weka swichi ya kubadilishia njia, inayoitenga nyumba na laini kabla jenereta haijaingia.

Na umeme ukirudi? Friji na AC zote za mtaa zikiamka pamoja, fyuzi iliyobadilishwa sasa hivi inaungua tena, na watu wanasema fundi hajui kazi. Acha taa moja tu, ili ujue umerudi, mengine uwe umeyazima tangu mwanzo. Subiri dakika tano, washa friji. Dakika tano nyingine, AC.